Naomba ushauri: kompyuta ya gemu ya bajeti ndogo inayoweza kuboreshwa baadaye, niko Kigoma

#1. Mleta uzi, Katubuka, Kigoma

Salaam wakuu. Naomba ushauri wa kina kabla sijatuma fedha Dar es Salaam. Nimetenga shilingi milioni moja na laki tano kwa ajili ya kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu, na fedha hiyo haigusi kioo kwa sababu kwa kuanzia nitatumia televisheni ya inchi 32 iliyopo nyumbani. Magemu ninayoyalenga ni EA Sports FC na GTA V, pamoja na yale ya mbio za magari, na mara mojamoja nahariri video fupi za sherehe za ndugu na majirani. Ninachokitaka kuliko yote ni mashine ambayo baadaye, mfuko ukiruhusu, nitaiongezea nguvu kwa kubadilisha kifaa kimoja kimoja, bila kulazimika kuiuza yote na kuanza upya.

Mdogo wangu anasoma Dar es Salaam na ndiye atakayezunguka Kariakoo kwa niaba yangu. Si mtu wa kompyuta, kwa hiyo atanunua kile tu nitakachomwandikia. Mnajua hali yetu sisi tunaokaa mwisho wa reli: kifaa kikifika hapa na kuonekana hakiingiliani na kingine, kukirudisha ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na muuzaji atakuwa na kila sababu ya kusema kimeharibikia njiani.

Muuzaji mmoja ameniandalia mashine iliyokwisha kufungwa: prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, rami ya 16GB, kadi ya grafiki ya RX 580 yenye 8GB, SSD ya 256GB, pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) iliyoandikwa wati 600, na kasha la kioo lenye feni nne za taa za rangi. Bei yake iko ndani ya bajeti na hata chenji inabaki. Je, niichukue? Kama hapana, nianzie wapi kuchagua?

#2. Fundi, Isevya, Tabora

Mkuu, usiichukue. Nitaeleza kwa urefu kidogo, maana sababu za kuikataa hiyo ndizo zitakazokuongoza kuchagua nyingine.

Wanunuzi wengi huanza na kadi ya grafiki kwa sababu ndiyo inayotajwa kwenye matangazo na ndiyo inayoonekana haraka kwenye idadi ya fremu. Kwa mtu mwenye fedha ya kununua kila kitu kwa mkupuo hakuna ubaya. Wewe unayejenga kwa awamu unapaswa kuanza na vile ambavyo hutavibadilisha, yaani mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote), pawasaplai na kasha. Kadi itabadilishwa, prosesa itabadilishwa, rami na hifadhi zitaongezwa, lakini nafasi ya kufanya hayo yote inakuwa imeshaamuliwa siku uliponunua soketi (kiti cha prosesa kwenye mazabodi) na pawasaplai.

Itazame mashine uliyoandaliwa kwa jicho hilo. Core i5 ya kizazi cha tatu ni prosesa ya mwaka 2012 yenye viini vinne (sehemu zinazofanya hesabu) visivyo na nyuzi za ziada za kugawana kazi, inakaa kwenye soketi ya LGA1155 na inatumia rami ya DDR3. Soketi hiyo haina pa kwenda: ukiipandisha hadi mwisho wake utapata Core i7 ya kizazi hichohicho, na rami yako ya DDR3 haitahamia kwenye mazabodi yoyote ya sasa. Zaidi ya hapo, prosesa hizo hazina maagizo ya AVX2, yaani amri za ziada za hesabu, ambayo kwa Intel yalianza na kizazi cha nne mwaka 2013, na yapo magemu mapya yanayokataa kuwaka bila hayo. Windows 11 nayo haizikubali rasmi, kwa kuwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane, na Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Siku utakayotaka kuiboresha utajikuta unabadilisha prosesa, mazabodi na rami kwa pamoja, na kinachosalia ni kasha na taa zake.

RX 580 ilikuwa kadi nzuri ilipotoka mwaka 2017, na bado inasukuma magemu mengi. Hata hivyo zilizopo sokoni leo nyingi zimetoka kwenye uchimbaji wa sarafu za kidijitali, ambako zilifanya kazi usiku na mchana kwa miaka. Kuna pia toleo linaloitwa 2048SP ambalo limebeba jina la RX 580 huku ndani likiwa na idadi ya viini sawa na RX 570. RX 580 kamili ina viini 2304. Kwenye boksi au kwenye tangazo hutaona tofauti hiyo. Utaiona kwenye programu ya GPU-Z, kompyuta ikiwa imewaka.

Sasa pawasaplai, na hapa naomba mdogo wako asome mstari kwa mstari. Maandishi makubwa ya "600W" ubavuni si kipimo cha kuaminika. Aigeuze, atafute jedwali dogo la lebo, aende kwenye safu iliyoandikwa +12V na asome ampea zilizo chini yake, kisha azidishe kwa 12. Pawasaplai nzuri ya wati 550 huonyesha ampea 45 hivi kwenye safu hiyo, na 12 mara 45 ni 540, maana yake karibu nguvu yote inapatikana pale ambapo prosesa na kadi huchota. Zile za bei ya kutupa utakuta zimeandikwa 600 kwa nje lakini safu ya +12V ina ampea 18, yaani wati 216. RX 580 peke yake, kwa kipimo cha watengenezaji, huchota wati 185. Prosesa, diski na feni zigawane zilizobaki? Dalili nyingine za kuziepuka ni uzito mdogo mkononi, swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230, na kebo moja tu nyembamba ya pini 6 kwa ajili ya kadi. Achukue yenye cheti cha 80 Plus Bronze kutoka kampuni inayofahamika, ya wati 550 au 650, mpya, yenye walau plagi mbili za pini 6+2 za kadi. Hiki ndicho kifaa pekee kinachoweza kuua vingine vyote kikifa vibaya, na ndiyo maana sitapunguza hapa hata bajeti iwe nusu ya hiyo uliyonayo.

Kuhusu soketi, kwa fedha yako mimi nachagua AM4 ya AMD yenye mazabodi ya aina ya B550. Najua wapo watakaosema ni ya zamani, na ni kweli kwamba prosesa za Ryzen zilianza kuikalia mwaka 2017, ilhali AM5 ilikuja mwaka 2022 na AMD wameahidi kuiendeleza hadi mwaka 2027 au zaidi. Mwenye fedha ya kutosha aende AM5 bila kusita. Lakini AM5 inakubali rami ya DDR5 pekee, bei ya rami imepanda kwa kasi duniani tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vinavihudumia kwanza vituo vya data vya akili bandia, na kwa milioni moja na nusu utaishia kubana pawasaplai na mazabodi, vitu vilevile nilivyokuomba usivibane. AM4 ina ngazi ndefu ya kutosha ndani yake: unaanza na Ryzen 5 yenye viini sita na nyuzi kumi na mbili, na baadaye unaweka Ryzen 7 5700X yenye viini vinane, au, ukizipata, 5700X3D na 5800X3D ambazo zina kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya 96MB na kwenye magemu zinawapita ndugu zao wa kawaida kwa umbali unaoonekana. Yote hayo kwenye mazabodi ileile na rami ileile.

B550 yenyewe iwe na matundu manne ya rami, matundu mawili ya M.2 ya kuwekea SSD, na kipozeo cha chuma juu ya sehemu inayogawa umeme wa prosesa. Ikiwa na kitufe cha kusasisha BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mazabodi) bila prosesa, bora zaidi, kwa kuwa mazabodi iliyokaa dukani tangu 2020 inaweza kuwa na BIOS isiyoitambua Ryzen ya mfululizo wa 5000.

Pendekezo langu la mwanzo basi ni Ryzen 5 5600 na kadi ya RX 6600 iliyotumika. Kadi hiyo ina 8GB na matumizi yake ni wati 132 tu, kwa hiyo haitaisumbua pawasaplai. Mashine nzima ikiwa inacheza haitafika wati 300, na utabaki na nafasi ya kadi kubwa zaidi huko mbele.

#3. Mchangiaji, Kasulu

Fundi, nakuheshimu, lakini naona tunampeleka kijana kwenye gharama kubwa wakati njia fupi ipo. Kompyuta za ofisini zilizotumika, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk za kizazi cha nane, zimejaa sokoni. Zina Core i5 ya viini sita, zinakubali Windows 11, zimetengenezwa kwa kazi ya muda mrefu, na bei yake haifiki hata nusu ya bajeti. Anaongeza kadi moja ya grafiki anacheza, na fedha inayobaki ananunua kioo. Mimi mwenyewe natumia ya namna hiyo na sijawahi kuona sababu ya kujenga kuanzia sifuri.

#4. Fundi, Isevya, Tabora

Kaka, kwa mtu anayetaka kucheza leo na ambaye hajali kesho itakuwaje, hoja yako ina uzito na nimewafungia wateja mashine hizo wakaridhika. Tatizo ni sharti la mleta uzi la kuboresha.

Mashine nyingi za chapa hizo hutumia pawasaplai zenye plagi na maumbo ya kiwandani, badala ya ile plagi ya kawaida ya pini 24. Pawasaplai yake ya asili mara nyingi ni ya wati 180 hadi 260 na haina kebo ya kadi, kwa hiyo kadi unayoweza kuiweka bila kugusa kitu ni ile inayoishi kwa wati 75 za tundu lenyewe, mfano GTX 1650 zisizo na plagi ya umeme. Ukichukua toleo jembamba, kadi lazima iwe fupi pia, na hapo uchaguzi unabaki mdogo mno, RX 6400 na wenzake wachache. Mazabodi yake nayo haihamishiki kwenye kasha la kawaida bila kupasua na kuunganisha swichi upya. Prosesa ya kizazi cha nane inaishia kizazi cha tisa, na mara nyingi BIOS ya kampuni hairuhusu hata hicho cha tisa. Kwa hiyo anachonunua ni mashine nzuri iliyokamilika, ambayo mlango wake wa kuboresha umefungwa kiwandani.

Kama atalazimika kwenda njia hiyo, basi achukue umbo la mnara na si jembamba, na amwombe muuzaji ampigie picha ya pawasaplai na plagi zake kabla ya kulipa.

#5. Mwalimu, Urambo

Habari za jioni wanajukwaa. Nimefundisha TEHAMA sekondari kwa muda mrefu na nimenunua vifaa vya maabara kwa kuagiza, hivyo naomba niongeze jambo ambalo naona halijapewa nafasi. Fundi amependekeza kadi iliyotumika, na mnunuzi ni kijana asiyejua kompyuta, Kariakoo, katikati ya watu wanaouza haraka. Nani ataipima hiyo kadi? Pawasaplai inaweza kukaguliwa kwa kusoma lebo, lakini kadi haikaguliwi kwa macho. Kuna kadi ambazo BIOS yake imebadilishwa ili ijitambulishe kwa jina la kadi kubwa zaidi, na kompyuta inaamini. Nyingine huonyesha picha safi kwa dakika chache na kuanza kutoa mistari na mabaka ya rangi zikishapata moto.

Ushauri wangu ni kwamba aanze na Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiki ndani yake, na asinunue kadi kabisa kwa sasa. Fedha ya kadi aiweke akiba mpaka atakapoweza kununua kadi mpya yenye waranti, au iliyotumika ambayo ataishuhudia ikipimwa. Mleta uzi, nikuulize pia: hiyo televisheni yako ya inchi 32 ni ya pikseli ngapi?

#6. Mleta uzi, Katubuka, Kigoma

Asante sana Mwalimu, na asanteni nyote. Nimeangalia kibandiko cha nyuma ya televisheni na kitabu chake: ni 1366 kwa 768, na inaonyesha picha 60 kwa sekunde. Nilidhani kwa kuwa imeandikwa HD basi ni sawa na vile vioo vya kompyuta. Je, hilo linabadilisha chochote?

#7. Fundi, Isevya, Tabora

Linabadilisha mengi, mkuu, na Mwalimu ameuliza swali la msingi.

Kioo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli takriban milioni 2.07. Televisheni yako ina pikseli milioni 1.05 hivi, yaani nusu. RX 6600 imetengenezwa kwa ajili ya 1080, kwa hiyo ukiifunga kwenye televisheni hiyo sehemu kubwa ya nguvu yake haitaonekana popote, na hata ikitoa fremu 120 kwa sekunde, televisheni itakuonyesha 60. Ungekuwa umelipia kitu usichoweza kukiona mpaka ununue kioo.

Kwa ubora huo mdogo wa picha, grafiki iliyomo ndani ya 5600G inaweza kubeba mwanzo wako. GTA V itachezeka vizuri kwa mipangilio ya kati. EA Sports FC ina masharti rasmi makali zaidi, kwani FC 24 inataja GTX 1050 Ti au RX 570 kama kiwango cha chini, na grafiki ya 5600G iko chini ya hapo. Hata hivyo kwa 768 na mipangilio ya chini mechi huchezeka bila kukwama. Magemu makubwa yaliyotoka miaka hii miwili mitatu usiyatarajie, nakwambia wazi ili usije ukalaumu kifaa.

Ninaikubali njia ya Mwalimu kwa mazingira yako, kwa sababu kila kitu atakachonunua mdogo wako kinaweza kuwa kipya, kwenye boksi, chenye risiti, na hakuna kinachohitaji kupimwa kwa jicho la fundi. Kuna mambo mawili tu ambayo lazima uyajue ukiifuata.

La kwanza ni rami. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye rami ya kompyuta, na kasi yake inategemea rami hiyo moja kwa moja. Nunua vijiti viwili vya 8GB vya DDR4 yenye kasi ya 3200, usinunue kijiti kimoja cha 16GB hata kama muuzaji atakupunguzia. Kijiti kimoja kinafungua njia moja ya data, viwili vinafungua mbili, na kwa 5600G tofauti hiyo ni kati ya gemu linalochezeka na gemu linalokatakata. Viwekwe kwenye tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kisha uingie kwenye BIOS na kuwasha wasifu wa XMP, yaani mpangilio wa kasi kamili ya rami, vinginevyo vitaenda kwa kasi ya chini ya ile uliyolipia. Matundu mawili yatakayobaki ndiyo nafasi yako ya kufika 32GB siku uhariri wa video utakapokuwa mkubwa.

La pili ni kadi utakayonunua baadaye. 5600G inawasiliana na kadi kwa PCIe (njia za data kati ya prosesa na kadi) ya kizazi cha tatu hata ikiwa juu ya B550 inayoruhusu cha nne, na kashe yake ni 16MB wakati 5600 ya kawaida ina 32MB. Kwa kadi inayotumia njia zote 16 hasara ni ndogo. Kwa kadi yenye njia 8, kama RX 6600 na RTX 4060, inaongezeka kidogo, na kwa RX 6500 XT yenye njia nne tu inakuwa kubwa kiasi kwamba naikataza kabisa. Kwa hiyo utakapokuwa tayari, tafuta RTX 3060 ya 12GB, inayotumia wati 170, au RX 9060 XT ya 16GB, inayotumia wati 160. Zote zina njia 16 na zote zinatosha kwenye pawasaplai ya wati 550. Nazitaja hizo pia kwa sababu ya kumbukumbu: magemu mapya mengi kwa mipangilio ya juu yanazidi 8GB, na kadi ya 8GB inayonunuliwa leo itaanza kukubana mapema. Baada ya kadi na kioo, prosesa itafuata, na hapo ndipo 5700X au ndugu zake wa X3D watakapoingia na kufungua PCIe ya kizazi cha nne.

Hifadhi: SSD ya NVMe (ile ya haraka inayoingia kwenye tundu la M.2) ya 500GB isiwe chini ya hapo, 1TB kama chenji itaruhusu. FC 24 peke yake inadai nafasi ya 100GB na GTA V nayo imevuka kiwango hicho. Ile 256GB ya muuzaji wako ingejaa kabla hujaweka gemu la tatu.

#8. Mchangiaji, Mwanga, Kigoma

Ndugu mleta uzi, kwenye hilo la hifadhi niongeze la bando. Gemu la 100GB kwa intaneti ya simu litakumaliza. Mimi na jirani yangu tunapakua mara moja, kisha tunahamisha. Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, tangu mwaka 2023 inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kupeana mafaili ya gemu bila kugusa intaneti, mradi kila mmoja ana gemu hilo kwenye akaunti yake. Tunaunganisha kebo ya mtandao kwenye ruta moja, hata ikiwa haina bando la maana, na gemu linahama huku tukinywa chai. Ukifika hapa nitafute kwenye ujumbe wa ndani, GTA V ninayo.

#9. Mzee wa Ujiji, Kigoma

Vijana, nimesoma yote na nimefurahi, lakini hakuna aliyezungumzia umeme, na sisi wa Kigoma tuliokaa miaka mingi na umeme wa majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya Taifa kutufikia tumeshazika vifaa vingi. Siku hizi hali ni nafuu, ila kukatika bado kupo, na hatari zaidi ni ile dakika umeme unaporudi.

Mwanangu, tenga fedha ya UPS, yaani betri ya akiba, yenye kirekebisha volti ndani yake kabla ya kufikiria feni za taa. Usidanganywe na namba ya VA: iliyoandikwa 650VA kwa kawaida hubeba wati 360 au 390 tu. Kwa mashine mliyoipanga sasa inatosha, pamoja na televisheni. Ukija kuweka kadi kubwa, chukua ya 1000VA au zaidi. Kazi yake ni kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima, si kuendelea kucheza gizani.

Jambo la pili ni radi. Kuanzia Novemba mvua zinapoanza huku ziwani, wengi huchomoa waya wa umeme wa kompyuta na kujiona wamemaliza. Televisheni yako bila shaka imeunganishwa na king'amuzi, na king'amuzi kimeunganishwa na dishi lililo juu ya bati. Radi ikipita kwenye kebo ya dishi, itaingia kwenye king'amuzi, kisha televisheni, kisha kwa HDMI itafika kwenye mazabodi yako uliyoichagua kwa uangalifu wote huu. Mawingu yakifunga, chomoa na HDMI.

#10. Mleta uzi, Katubuka, Kigoma

Shikamoo Mzee. Hilo la dishi sikulifikiria kabisa, na king'amuzi kweli kipo. Nashukuru sana.

Nimeandika orodha ya kumpa mdogo wangu: Ryzen 5 5600G ikiwa na feni yake ya boksi, mazabodi ya B550 yenye matundu manne ya rami, rami ya DDR4 vijiti viwili vya 8GB vya 3200, SSD ya NVMe ya 500GB, pawasaplai ya wati 550 ya Bronze yenye ampea zisizopungua 45 kwenye +12V, na UPS. Kasha nimeandika tu "la kawaida". Naomba mnirekebishe hapo, na mniambie kama ni bora ifungwe Dar es Salaam au vifaa vije kwenye maboksi yake.

#11. Fundi, Isevya, Tabora

Shikamoo Mzee, na mimi napokea la dishi.

Mkuu, kasha liwe na uso wa wavu, si wa kioo. Vumbi la kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, tunalifahamu wote wa ukanda huu, na kioo hakilizuii, kinaziba hewa tu. Chini ya wavu kuwe na chujio linalochomoka ili ulisafishe kwa maji, na feni zinazoingiza hewa ziwe nyingi kuliko zinazotoa, mbili mbele na moja nyuma, ili hewa iingie kupitia kwenye chujio badala ya kunyonywa kwenye nyufa. Mdogo wako apime pia urefu wa nafasi ya kadi kwenye maelezo ya kasha: usichukue chini ya milimita 320, kwa sababu kadi nyingi za feni tatu zinakaribia kipimo hicho, na hutaki kasha liwe ndilo linalokuzuia kuweka kadi utakayoisubiri mwaka mzima.

Kuhusu kufunga, ifungwe dukani Dar es Salaam mbele ya mdogo wako, iwashwe, iingie kwenye BIOS, na apige picha ya kioo ikionyesha jina la prosesa, rami ya 16GB kwenye njia mbili, na SSD. Hapo ndipo utakapojua kila kitu kinaelewana kabla hakijatoka mjini. Kwa kuwa hakuna kadi nzito na feni ya prosesa ni ile ndogo ya boksi, inaweza kusafiri ikiwa imefungwa, ndani ya boksi la kasha na maboya yake, imelazwa ubavu ambao mazabodi inakuwa chini. Isiwekwe kwenye buti la basi chini ya magunia. Kama anaweza kukaa nayo ndani, au aje nayo kwa treni akiwa likizo, vizuri zaidi. Maboksi ya vifaa vyote na risiti visitupwe, maana waranti nyingi zinadai namba iliyo kwenye boksi.

Ikifika, iache ikae kwa saa chache kabla ya kuiwasha, hasa kama imenyeshewa njiani au imetoka kwenye baridi ya usiku. Kisha fungua ubavu, bonyeza vijiti vya rami mpaka vilimi vyote vishike, bonyeza plagi ya pini 24 na ile ya pini 8 ya prosesa, ndipo uchomeke HDMI kwenye mazabodi. Siku ukiweka kadi, HDMI hiyo ihamie kwenye kadi, la sivyo utaendelea kucheza kwa grafiki ya ndani na kudhani umeuziwa kadi mbovu.